Je, Wajua? Monasteri ya Mokoto, Masisi

Ukitaja monasteri ya Watrapisti, wengi hufikiria Ulaya: kuta nene, baridi kali, na wazee wasioongea. Kumbe moja iko Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye milima ya Bashali, kando ya maziwa ya Mokoto. Magharibi yake nchi huteremka taratibu hadi misitu ya Walikale. Waliokuja kuianzisha mwaka 1954 ni watawa wa abasia ya Scourmont, Ubelgiji, ile inayojulikana kwa bia na jibini ya Chimay.

Watrapisti ni tawi la Wasistersiani, shirika lililozaliwa Cîteaux, Ufaransa, mwaka 1098. Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto karne ya 6, na ina mambo mawili yanayoeleza karibu yote yaliyoifika Mokoto. Kwanza, mtawa ale jasho lake. Pili, mgeni apokewe kama angepokewa Kristo.

Hilo la kwanza ndilo huchagua mahali. Tangu zamani Wasistersiani walienda mbali na miji, wakatafuta maji na ardhi ya kulima na kulisha mifugo. Mali hizo hazipotei wenyewe wanapoondoka. Huja wengine na kuzitumia watakavyo. Abasia ya Fontenay, iliyoanzishwa mwaka 1118, iliuzwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa ikawa kiwanda cha karatasi, maana kijito kilikuwepo tayari. Clairvaux, aliyoianzisha Mtakatifu Bernardo mwaka 1115, serikali iliigeuza gereza mwanzoni mwa karne ya 19, na ikabaki gereza hadi mwaka 2023. Ukuta uliojengwa ili ulimwengu usiingie ukafaa sana kuwazuia watu wasitoke. Sijui Bernardo angesema nini.

Huko Ufaransa, kutoka sala hadi kiwanda na gereza ilichukua takriban karne saba. Mokoto haikupewa hata nusu karne. Watawa walifuga na kulima kama kanuni inavyotaka, na Masisi kwa malisho haina mpinzani: milima mirefu, hewa baridi, majani mwaka mzima. Lakini Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, huko Walikale, na vita vya makabila vikapanda hadi Masisi. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka kuingia Kivu Kaskazini. Wakiwemo waliokimbia na silaha zao.

Hapo lile jambo la pili, la kumpokea mgeni, likaanza kudai. Mei 1996 Watutsi wa vijiji vya jirani walikimbilia kwa watawa, na monasteri iliyotafuta upweke ikawa kambi. Waliokuwa wakilala humo walikuwa mamia kwa mamia. Tarehe 12 Mei wanamgambo wa Kihutu wakaivamia. Wengi waliuawa. Walionusurika walipelekwa Rwanda, watawa nao wakaondoka, na majengo yakabaki kwa waporaji.

Kuna jambo watu huchanganya hapa: monasteri si majengo. Kisheria na kiimani ni jumuiya, na jumuiya inaweza kuhama na jina lake. Wamonaki wa Mokoto waliishi miaka kadhaa Keshero, Goma, wakiendelea kuitwa wa Mokoto huku mashamba yao yakiwa mbali nao. Ndiyo tofauti kubwa na Fontenay. Ile imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981, majengo yake yamehifadhiwa vizuri na watalii hulipa kuingia, lakini mtawa hakuna hata mmoja.

Wa Mokoto baadaye walirudi ziwani. Amani haikurudi nao: Januari 2023 mji wa jirani, Kitshanga, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na maelfu ya watu wakajitwika magodoro na kushika njia tena.