Sarafu Yako ni "Adimu" Kweli, ama Imegongwa Tu?

Majuzi mteja wetu mmoja, mama mboga, alitupigia simu akiwa amevunjika moyo. Alipewa mbao kwa chenji, akaona sura yake si ya kawaida, akaweka picha mtandaoni. Kabla ya saa moja kuisha, "mnunuzi" alikuwa amemwahidi shilingi 80,000. Sharti lilikuwa moja tu: atume kwanza shilingi 2,500 za "ukaguzi". Akatuma. Simu ya mnunuzi ikazimwa.

Tulipoiona ile picha, jibu lilikuwa wazi: sarafu ilikuwa imekanyagwa na gari barabarani. Tukaona heri tuandike haya, ili usiwe wa pili.

Kwanza, sarafu inatengenezwaje?

Kipande cha metali kisicho na picha hukatwa, ukingo wake huinuliwa, halafu hugongwa katikati ya mihuri miwili ya chuma huku pete ikiizunguka ili isitanuke. Kosa la kiwandani hutokea ndani ya hatua hizo. Kilichotokea baadaye, kwenye matatu, sokoni ama jua kali, ni uharibifu. Kwa hivyo jiulize: je, mashine ingeweza kufanya hivi?

Dalili za kosa la kiwandani

1. Picha imehama. Upande mmoja hauna kitu, ni laini, lakini sehemu ya picha iliyobaki ni safi na kali.

2. Mstari ulioinuka. Muhuri ukipasuka, metali huingia kwenye ufa, na sarafu hutoka na mstari uliosimama. Pitisha ukucha: mstari wa muhuri huinuka, mkwaruzo hubonyea.

3. Ukingo umekatwa kama umeng'atwa. Angalia upande wa pili, mkabala na hapo palipong'atwa. Kama kipande kilikatwa vibaya kabla ya ukingo kuinuliwa, mara nyingi ukingo wa upande huo wa pili pia huwa hafifu. Kama uko imara kabisa, shuku tupa ama msumeno.

Dalili za uharibifu

1. Herufi zimelala upande mmoja ama zimesagika. Hiyo ni nyundo, tairi ama lami.

2. Maandishi ya kinyume yaliyobonyea juu ya picha iliyosagika. Mara nyingi mtu amebana sarafu mbili pamoja kwenye jiriwa. Wauzaji wa uongo wanaipenda sana hii.

3. Sarafu nyembamba, herufi kama zimeyeyuka. Asidi hula metali pande zote.

4. Rangi ya ajabu. Moto na kemikali hubadilisha rangi bila kugusa picha.

Na kumbuka, kupunguza uzito wa sarafu kwa kuikata ama kuipiga tupa ili bado ipite kama pesa ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Usijaribu "kutengeneza" yako nyumbani!

Hizi si kosa wala uharibifu

Tumeona watu wakiuziwa sarafu "isiyo na sura ya rais" kana kwamba kiwanda kilisahau. Hapana. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinakataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20.

Vilevile, sarafu ya shilingi 40 si kosa. Ilitolewa 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Ukiipata, ni kumbukumbu nzuri, lakini usikubali kuambiwa ilichapwa kimakosa.

Kabla hujatuma hata bob moja

• Mnunuzi wa kweli hulipa, halipwi. Ukiombwa ada ya ukaguzi, usajili ama usafiri, acha hapo hapo.
• Usitume picha ya kitambulisho chako, wala usimpe mtu PIN yako, hata akisema anataka "kukuwekea" pesa.
• Soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Kama si la mtu unayezungumza naye, katisha.
• Kama umeshatuma, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja, sio kesho. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuirudisha.

Yule mama mboga bado ana ile mbao. Anasema ameiweka kando ya mizani yake, na kila mteja akiiulizia anamsimulia kisa. Pengine hiyo ndiyo thamani yake halisi.

Una sarafu inayokutatiza? Iangalie kwanza kwa ukucha na kioo cha kukuza. Halafu mtumie makala haya yule jamaa wa familia ambaye tayari ameanza kuhesabu mamilioni.