Sahani ya Jirani Siku ya Krismasi

Katika miji ya Wete na Chake Chake, tarehe 25 Disemba hupita kwa utulivu. Ofisi za Serikali hufungwa, kwa kuwa ni sikukuu ya taifa, lakini soko huwa wazi, samaki hunadiwa kama kawaida, na ukiwa ni mwaka wa mavuno mengi, karafuu huanikwa majamvini mbele ya nyumba. Adhana hufuatana kwa nyakati zake. Mgeni anayepita njiani angeweza kudhani kwamba siku hiyo haimhusu mtu yeyote kisiwani Pemba.

Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba hodi hupigwa. Mtoto wa jirani, ambaye wazazi wake wametoka Bara kwa kazi ya ualimu, uuguzi au uaskari, husimama mlangoni na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Ametumwa na mama yake. Ndani ya sahani mna wali na kuku, pengine na maandazi. Hapo ndipo suala la Krismasi linapoacha kuwa la vitabuni, likawa la ukumbini kwetu: tupokee, au turudishe?

Nyumbani kwetu tuliwahi kurudisha. Hatukuuliza kilichokuwemo, wala hatukumuuliza mwenye elimu. Tulimwambia mtoto yule aende nayo tu, kisha tukafunga mlango, tukijiona kwamba tumeihifadhi dini yetu. Mama yake hakusema neno. Lakini Ramadhani ilipofika, watoto wake, waliozoea kuja kwetu jioni kula futari, hawakuja tena. Tulipomweleza shekhe wetu, naye alituuliza jambo moja: mlikijua mnachokikataa? Hatukuwa na jibu. Makala haya yametokana na swali hilo.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba Wakristo wenyewe hawana Krismasi moja. Kumbukumbu ya zamani zaidi inayoitaja tarehe 25 Disemba kuwa siku ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.) inatoka Roma, na inahusu mwaka 336, yaani karne tatu na zaidi baada ya kuzaliwa kwake. Kanisa la Armenia huiadhimisha tarehe 6 Januari. Jirani zetu wa Ethiopia huiadhimisha tarehe 7 Januari, wakiiita Genna, baada ya mfungo wa zaidi ya siku arubaini ambamo hawali nyama wala hawanywi maziwa. Wengi wao hukesha kanisani wakiwa wamejifunika mashuka meupe.

Wapo pia Wakristo walioikataa kabisa. Uingereza, mwaka 1647, Bunge lililotawaliwa na watu wenye msimamo mkali wa dini lilipiga marufuku sikukuu hiyo, kwa hoja kwamba haina asili katika maandiko yao, na marufuku hiyo iliondoka pale ufalme uliporejeshwa mwaka 1660. Wenzao waliohamia Massachusetts, Marekani, walimtoza faini ya shilingi tano aliyeonekana akiiadhimisha, kuanzia mwaka 1659 hadi 1681. Na hadi leo Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi.

Pemba nayo ina kisa chake. Mwaka 1897, wakati Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, wajulikanao pia kwa jina la Quaker, walifika kisiwani kutoka Uingereza. Walinunua shamba la karafuu huko Banani, wakawapa kazi na makaazi watu waliotoka utumwani. Watu hao wa Banani walikuwa Wakristo, lakini asili ya madhehebu yao ni kutoitukuza siku moja kuliko nyengine. Kwao wao, kila siku ilikuwa sawa mbele ya Mungu, ijapokuwa siku hizi wengi wa madhehebu hayo huiadhimisha Krismasi kama wengine. Waanglikana waliokuwa na kituo chao Wete walikuwa na mwendo mwengine, wakishika kalenda ya sikukuu za kanisa. Kwa hiyo, hata katika kisiwa hiki kidogo, Krismasi haikuwa na maana moja kwa Wakristo wenyewe.

Kule Unguja, siku hiyo ilitumika kuweka alama ya historia. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwezi wa Juni mwaka 1873, kufuatia mkataba ambao Sayyid Barghash alilazimika kuutia saini mbele ya Waingereza. Tarehe 25 Disemba mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana palepale sokoni. Wapo wanaoliangalia jengo lile wakakumbuka ukombozi, na wapo wanaokumbuka nguvu za mgeni zilizoingia pamoja na ukombozi huo. Yote mawili yamo katika historia yetu, na si vyema kuwaficha watoto.

Kwa wengine, Krismasi ni safari zaidi kuliko ibada. Kila Disemba, Wachagga waishio Dar es Salaam hurejea Kilimanjaro kwa maelfu. Mabasi hujaa, mbuzi huchinjwa, koo hukutana, na wazee hupata kuwaona wajukuu wao. Sisi Wapemba hatuna haja ya kuelezwa maana ya safari kama hiyo. Tunaijua bandari ya Mkoani inavyokuwa inapokaribia Idi, boti inapofunga gati, na watu wanavyonyoosha shingo kumtafuta mtoto wao miongoni mwa wanaoshuka. Na wako wengine, hasa katika miji mikubwa, ambao kwao siku hii ni biashara: taa, miti ya plastiki, nguo mpya na matumizi yanayovuka uwezo. Hilo hata mapadri na wachungaji wamelilalamikia sana.

Basi sisi Waislamu tunasimama wapi? Tunamwamini Nabii Isa (A.S.) kuwa ni Mtume wa Allah, na imani ya asiyemwamini haitimii. Mama yake, Bibi Maryam, ndiye mwanamke pekee aliyetajwa kwa jina katika Qur'an, na Sura ya 19 imeitwa kwa jina lake. Humo tunasimuliwa jinsi uchungu wa uzazi ulivyompeleka kwenye shina la mtende, na jinsi alivyoruzukiwa tende mbivu na maji. Aya hizo hazikututajia tarehe, wala Mtume wetu (S.A.W.) hakutufundisha kuifanya siku ya kuzaliwa Isa kuwa sikukuu. Idi zetu ni mbili. Wala hatukubali kwamba Isa ni mwana wa Mungu. Hapo hapana mjadala, na mtoto wa Kiislamu lazima alijue hilo bila ya kigugumizi.

Lakini tukumbuke jinsi Sura hiyo ilivyosomwa mbele ya Wakristo kwa mara ya mwanzo. Waislamu walioteswa Makka walikimbilia Uhabeshi, na walipotakiwa warejeshwe, Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alisimama mbele ya Najashi, akasoma mwanzo wa Surat Maryam. Wapokezi wa sira wanasimulia kwamba mfalme yule alilia mpaka ndevu zake zikarowa. Jaafar hakuficha itikadi yake ili apendeze. Na Najashi, naye Mkristo wakati huo, hakuwarudisha wageni wake kwa maadui zao. Ulinzi wa mwanzo ambao umma huu uliupata nje ya Bara Arabu ulitoka kwa jirani wa dini nyengine, katika upande wetu huu wa Afrika.

Kuhusu pongezi za sikukuu, wanavyuoni wamekhitalifiana. Ibn al-Qayyim, katika wa zamani, alizikataza kwa ukali. Katika zama zetu, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limeruhusu pongezi za kiungwana zisizobeba ukubalifu wa itikadi. Kila familia na imuulize mwanachuoni inayemwamini. Lakini kushiriki katika ibada yao ni jambo jengine, nalo halimo katika khitilafu hiyo.

Ama sahani, kwanza na iulizwe. Qur'an imehalalisha chakula cha Ahlul Kitab, bali nguruwe na ulevi ni haramu popote vilipo. Na kwetu ni desturi ya miaka mingi kwamba Mkristo anayetaka kula pamoja na jirani yake Muislamu humwita Muislamu amchinjie. Mama jirani yetu alikuwa amefanya hivyo hivyo: kuku wale walichinjwa na kijana wa msikitini kwetu. Tungeuliza tungejua.

Imepokewa kwamba Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliwauliza watu wake kama wamempelekea jirani yao Myahudi, kisha akakumbusha jinsi Jibril alivyomuusia Mtume (S.A.W.) kuhusu jirani hata akadhani kwamba atapewa sehemu ya mirathi. Sahaba huyo hakuona kwamba tofauti ya dini inafuta haki ya ujirani.

Wazazi wenzetu, mtoto akiuliza kwa nini sisi hatuna Krismasi, tusimjibu kwa kumdharau jirani. Tumsomee Surat Maryam, tumfahamishe tunachokiamini na tusichokiamini, kisha tumfundishe kusema ahsante.

Idi iliyofuata tulipeleka pilau kwa mama yule, na tukamuomba radhi. Alipokea, akatukaribisha tukae. Kesho yake mtoto wake aliirudisha sahani yetu, na kama ilivyo ada ya kisiwa hiki, haikurudi tupu.