Dawa ya Malale na Nywele za Uso

Wakulima wa Kishushe hawahitaji kufundishwa ndorobo ni nani. Ng'ombe wakichungwa upande wa Mbuga ya Tsavo, nzi huyo hufuatana na nyati na pongo, na baada ya majuma machache mnyama aliyekuwa mnene hukonda, manyoya yake husimama, na aliye na mimba huitupa. Ugonjwa huo wa mifugo ni nagana. Ndugu yake anayeshika watu huitwa malale. Leo twataka kueleza habari za dawa moja ya malale, kwa sababu dawa hiyo hiyo hutiwa katika mafuta ya kupaka usoni, na mtu akisikia nusu ya habari aweza kudanganyika.

Dawa hiyo ni eflonithini. Ilitengenezwa katika miaka ya 1970 kwa matumaini ya kutibu kansa, lakini kwa kansa haikufaa sana. Katika mwaka wa 1980 mtaalamu Cyrus Bacchi na wenzake huko New York walionyesha kwamba yaponya panya wenye vijidudu vya jamaa ya malale, na mwaka wa 1990 serikali ya Marekani iliikubali itumiwe kwa watu.

Ili kufahamu furaha ya madaktari wakati ule, yafaa kujua walichokuwa nacho kabla yake. Malale ikiisha kuingia kichwani, dawa iliyotegemewa tangu 1949 ilikuwa melasoprol, ambayo ndani yake mna aseniki. Wazee watakumbuka aseniki: ndiyo sumu iliyotiwa katika majosho ya ng'ombe zamani. Iliunguza mishipa ilipopigwa sindano, na katika kila wagonjwa 100 waliotibiwa, yapata 5 waliuawa na dawa yenyewe. Eflonithini haikuwa na ukali huo. Wagonjwa waliolala bila kujitambua waliamka, hata watu wakaiita dawa ya ufufuo.

Lakini ilikuwa ghali, tena ilitaka kazi nyingi: mgonjwa alitiwa dawa mshipani kila baada ya saa 6 kwa siku 14, yaani mara 56. Waliougua malale walikuwa wanavijiji wa Kongo, Sudan, Uganda na Angola, watu wasio na fedha. Basi mwaka wa 1995 utengenezaji ulisimamishwa. Ugonjwa haukusimama. Wakati huo huo malale ilikuwa ikienea katika nchi zenye vita, na akiba ya dawa ikapungua.

Mwaka wa 2000 eflonithini ilitokea tena madukani huko Marekani, safari hii kama mafuta ya kupaka kwa mabibi wanaoota nywele usoni. Si uchawi. Kijidudu cha malale kina kitu ndani yake kinachohitajiwa ili kiongezeke, na shina la unywele lina kitu cha namna ile ile. Eflonithini hukizuia. Kijidudu hushindwa kuzaana, na unywele hukua polepole. Haung'oi, na bibi akiacha kupaka, baada ya miezi miwili hivi nywele hurudi kama zamani.

Hatumlaumu bibi yeyote kwa kutaka uso laini. Lakini ni ajabu kwamba dawa iliyokosa mnunuzi ilipookoa maisha ilimpata ilipopunguza ndevu. Madaktari wasio na mipaka na wengine walipiga kelele kubwa juu ya jambo hilo, na mwaka wa 2001 kampuni ya Aventis ilipatana na Shirika la Afya Duniani kutoa eflonithini na dawa nyingine za malale bure. Tangu 2009 imetumiwa pamoja na vidonge vya nifatimoksi, na matibabu yakapungua kuwa mara 14 tu mshipani.

Sasa tuje kwetu. Malale ni za namna mbili. Ile ya magharibi huenda polepole, huchukua hata miaka, na ndiyo inayotibiwa kwa eflonithini. Ile ya mashariki, iliyopatikana Bonde la Lambwe na Busia, ni kali na huweza kuua kwa miezi michache. Kwa namna hii ya mashariki eflonithini haifai, kwa kuwa kijidudu chake hutengeneza upya upesi kile kinachozuiliwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia mafuta ya nywele au sindano ya eflonithini kwa malale ya Kenya, anakuibia fedha na wakati. Tangu 2024 Shirika la Afya limeshauri vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya mashariki pia. Mgonjwa huvinywa kwa siku 10.

Mwezi wa Agosti 2025 Shirika hilo lilithibitisha kwamba malale si tatizo la afya ya umma tena katika Kenya. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kupatikana humu nchini alionekana mwaka wa 2009, na wageni wawili walioumwa Masai Mara waligunduliwa mwaka wa 2012. Hata hivyo ndorobo wangaliko, na wanyama wa porini huweza kubeba vijidudu bila kuonekana wagonjwa.

Dawa za sindano za ng'ombe zisipigwe mtu hata kidogo. Mtu aliyeumwa na ndorobo akipata uvimbe mwekundu mahali pale, au homa isiyosikia dawa ya malaria, kichwa kuuma, na baadaye kusinzia mchana na kukesha usiku, apelekwe hospitali ya Voi bila kungoja. Mwambie daktari kwamba aliumwa na ndorobo, mahali gani, na siku gani, kisha uombe damu ipimwe kwa darubini.