Ini Baada ya Upasuaji: Safari ya Asidi Amino

Mfugaji wa Kajiado aliyevunjika paja na kupasuliwa hospitalini aghalabu hurudi nyumbani amekonda. Jamaa zake huona mashavu yaliyobonyea na mapaja yaliyonywea, wakasema chakula cha hospitali hakikumfaa. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Hata mgonjwa aliyelishwa vyema hupoteza misuli katika siku za kwanza baada ya upasuaji, na ini lina mkono mkubwa katika jambo hilo. Makala haya yanafafanua namna linavyotokea.

Aliyelichunguza kwa makini ni David Cuthbertson, mjini Glasgow, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Alipima mkojo wa wagonjwa waliovunjika mifupa, akaona kuwa naitrojeni iliyotoka ilikuwa nyingi mno kuweza kuelezwa na jeraha lenyewe. Misuli ya mwili mzima ilikuwa ikichangia. Gramu 1 ya naitrojeni hutokana na takriban gramu 6.25 za protini, ambazo ni sawa na gramu 30 hivi za misuli. Mgonjwa anayepoteza gramu 10 zaidi ya anazopata kwa siku, basi, hupungukiwa na gramu 300 za misuli siku hiyo hiyo.

Kisu cha mpasuaji kinapokata, mwili haubagui kati ya tabibu na adui. Homoni za kotisoli, adrenalini na glukagoni hupanda, nazo seli za kinga humwaga kemikali za kutangaza hatari. Misuli huanza kubomoa protini zake na kuachilia asidi amino, hasa alanini na glutamini, ziingie katika damu. Sehemu kubwa ya shehena hiyo huishia kwenye ini.

Huko ini hubadili mpango wake wa kazi. Uundaji wa albumini, protini ya kawaida ya damu, hupunguzwa. Badala yake huundwa kwa wingi protini za dharura, kama vile fibrinojeni inayogandisha damu na CRP inayosaidia kupambana na vijidudu. CRP huanza kupanda saa chache baada ya upasuaji na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Ndiyo sababu albumini iliyoshuka wakati huo haitoshi kuthibitisha kwamba mgonjwa amenyimwa chakula, hasa kwa kuwa sehemu yake huvuja nje ya mishipa.

Asidi amino nyingine, alanini ikiwa mstari wa mbele, hugeuzwa glukosi ya kulisha ubongo, kidonda na seli za kinga. Mabaki ya kazi hii ni amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo. Ini huibadili kuwa yurea itolewe kwa mkojo, kwa mzunguko ulioelezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit nchini Ujerumani mwaka 1932. Mtu ambaye ini lake limekwisha kuharibiwa na pombe au homa ya ini aina ya B yumo hatarini hapa: amonia ikizidi, huweza kuchanganyikiwa au hata kupoteza fahamu. Waswahili humwita aliyehuzunishwa mno kuwa amekatwa maini; kwa mgonjwa wa namna hii msemo huo unakaribia kuwa utabibu.

Wamaasai wamekuwa na olpul, kambi ya porini ambamo watu hula nyama na kunywa supu iliyochemshwa kwa magome na mizizi, na waliodhoofika kwa maradhi nao walipelekwa huko. Kila gome lina habari yake, ila kuhusu nyama hakuna fumbo: ni asidi amino za kufidia zilizotoka. Tatizo ni kwamba mfugo haupo daima. Ukame wa 2020 hadi 2022 uliangamiza ng'ombe wengi Kajiado, na mkazi wa nyumba ya kupanga mjini Kitengela hununua maziwa kwa pakiti.

Miongozo ya lishe baada ya upasuaji mkubwa hupendekeza takriban gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 90 kwa mtu wa kilo 60. Lita moja ya maziwa ina gramu 33 hivi, mayai mawili 12, sahani ya maharagwe 15. Ugali wa mahindi una upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, na maharagwe huijaza. Githeri, kwa hiyo, si chakula cha kudharauliwa wadini. Ugali wenyewe una kazi nyingine: nishati isipotosha, ini litachoma asidi amino hizo hizo zilizokusudiwa kujenga. Mwenye ugonjwa wa figo hupangiwa kiasi chake na daktari.

Hata hivyo, chakula peke yake hakirudishi paja lililonywea. Misuli iliyolala kitandani hupokea asidi amino kwa uvivu, na hii ndiyo sababu wauguzi humwinua mgonjwa atembee mapema, ingawa kidonda bado kinamuuma na jamaa zake wanaona anateswa.