Umetuma Mchango wa Saratani: Nani Huamua Utafiti Upi Upewe Pesa?

Ujumbe umeingia: umetuma shilingi 200 kwa shirika la saratani. Umetoa kwa roho safi, pengine kwa sababu jirani au mtu wa chama chenu aliugua. Lakini pesa zikishatoka kwa simu yako, nani huamua zifanye kazi gani?

Hebu tuangalie Cancer Research UK, shirika la Uingereza lililozaliwa mwaka 2002 baada ya mashirika mawili kuungana. Hutegemea sana michango ya watu wa kawaida, kama wewe na sisi.

Ombi hupitia wapi?

1. Mwanasayansi anaomba. Anaeleza swali lake, atakavyolijibu, atachukua muda gani na atatumia pesa ngapi.
2. Wataalamu wa nje wanakagua. Hawa wanaijua kazi hiyo lakini hawamo kwenye mradi. Je, swali lina maana kwa saratani? Njia yake itafanya kazi? Timu inaweza?
3. Kamati inaamua. Wanakamati wanalinganisha maombi yote. Mwenye uhusiano na ombi hukaa kando likijadiliwa. Ni kama kwenye chama: huwezi kujipitishia mkopo wako mwenyewe.
4. Aliyepewa anatoa ripoti. Pesa zina masharti, na kazi inafuatiliwa.

Hapa ndipo pagumu: maombi mazuri huwa mengi kuliko pesa. Kila "ndiyo" kwa mmoja ni "hapana" kwa mwingine. Ndiyo maana mwaka 2014 shirika hilo lilisema wazi litaongeza nguvu kwa saratani za mapafu, kongosho, ubongo na umio, yaani njia ya chakula, kwa kuwa wagonjwa wake wengi walikuwa hawaponi. Saratani ya umio tunaijua vizuri hapa Kenya, maana ni kati ya zile zinazotusumbua zaidi.

Mbona wafadhili hamira?

Ukisikia mchango umeenda kuchunguza hamira, unaweza kukasirika. Lakini ngoja. Miaka ya 1980, Paul Nurse alifanya kazi katika mojawapo ya yale mashirika mawili ya mwanzo. Alichunguza hamira iitwayo Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe hii yetu: hamira hiyo ilipatikana kwenye pombe ya Afrika Mashariki, na jina likabaki.

Mwaka 1987, kundi lake lilionyesha kwamba jeni inayoongoza seli ya hamira kugawanyika iko pia kwa binadamu. Na saratani ni nini? Ni seli zinazogawanyika bila breki. Mwaka 2001 Nurse na wenzake wawili, Tim Hunt na Leland Hartwell, walipata Tuzo ya Nobel. Leo kuna dawa za saratani ya matiti, kama palbociclib, zinazozuia protini za familia hiyo hiyo.

Kama kamati ingeuliza tu, "Hii itamponya nani mwaka huu?", hamira ingekosa hata senti. Kamati nzuri hugawa pesa pande zote mbili: kwa mgonjwa wa leo na kwa swali ambalo jibu lake litachukua miaka.

Kabla ya kuweka PIN

Shirika lolote unalotaka kulichangia, liulize:

- Nani huamua pesa ziende wapi, na je, wanaoomba ndio hao hao wanaoamua?
- Miradi iliyopewa pesa imetangazwa wapi?
- Hesabu za mwaka jana zimekaguliwa?

Kisha soma jina la shirika kwenye skrini, hakikisha nambari ya Paybill imetoka kwa shirika lenyewe, si kwa ujumbe uliosambazwa tu, na uhifadhi ujumbe wa kuthibitisha.

Kuuliza si uchoyo. Shilingi 200 zako zina haki ya kujua zinakoenda.