Kilungu Haijajaa

Popote ardhi ya Nunguni inapojadiliwa, iwe ni katika baraza la chifu au katika kikao cha mipango ya kaunti, huzuka swali lile lile: je, milima ya Kilungu inaweza kubeba watu wangapi kabla udongo haujakwisha? Swali hilo lina kasoro tangu mwanzo, kwa kuwa huichukulia ardhi kama gunia lenye ujazo usiobadilika, na jibu linaloandamana nalo, kwamba waliozidi wahamie nyanda za chini za Makueni au ng'ambo ya Mto Athi huko Kitui, lilikwisha kujaribiwa zamani na matokeo yake yanajulikana.

Maofisa wa kikoloni walidai kwamba ardhi imejaa katika miaka ya 1930, walipoikuta hifadhi ya Machakos, yaani ardhi iliyotengewa Wakamba, iliyojumuisha Makueni ya leo, imechimbika makorongo. Wilaya nzima ilikadiriwa kuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932, nao wakahukumu kwamba watu na ng'ombe wamezidi, bila kujiuliza ng'ombe hao walikuwa wakilishwa wapi hapo awali. Wakamba walikwisha kukaa Mbooni kufikia karne ya 17 au ya 18, kisha wakaenea Kilungu, Iveti na Kitui, na katika milima hiyo musyi, yaani boma la familia, ulijengwa palipokuwa na mvua na usalama, ilhali mifugo ilipelekwa kwenye syengo, ambazo ni kambi za malisho zilizowekwa katika weu, nyika ya chini iliyotumiwa na wote. Familia moja iliishi hivyo katika mandhari mbili kwa wakati mmoja. Utawala wa Kiingereza ulipozitangaza nyanda nyingi kuwa ardhi ya Taji, ukawapa walowezi sehemu yake na kuiwekea hifadhi mipaka, mifugo ilirundikana pale pale ilipokuwa ikiondolewa kila msimu, kisha mmomonyoko uliofuata ukatajwa kuwa kosa la wenyeji. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwanyang'anya ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga, serikali ikaacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu, naye akapelekwa uhamishoni Lamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuja dawa ya pili, ambayo ndiyo hasa inayopendekezwa tena leo kana kwamba ni wazo jipya. Mradi wa makazi wa Makueni ulifyeka vichaka ili kuwafukuza mbung'o, ukawapa wahamiaji viwanja chini ya masharti makali ya kilimo na idadi ya mifugo, na watu wengi waliukwepa mwanzoni wakihofia kwamba ardhi ikishasafishwa itapewa Wazungu. Vizuizi vya kuhama vilipolegea karibu na uhuru, familia zilijishukia zenyewe kuelekea Kathonzweni na Kibwezi, kwa hiari yao. Je, milima ilibaki tupu? Kufikia sensa ya mwaka 1989 wilaya ya Machakos, kabla Makueni haijatengwa nayo mwaka 1992, ilikuwa na watu takriban milioni 1.4, karibu mara sita ya wale waliodaiwa kuwa wamezidi, na mmomonyoko katika mashamba yanayolimwa ulikuwa umepungua.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1994, walionyesha kwamba thamani ya mazao kwa kila mtu wilayani humo ilikuwa imepanda tangu miaka ya 1930. Wakosoaji wao wana hoja ya haki, kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na ardhi mpya ya nyanda za chini na mishahara ya Nairobi, na kwamba familia zisizo na mshahara ziliachwa nyuma. Lakini hoja hiyo haiwasaidii wanaohesabu vichwa, kwa maana inathibitisha kwamba kinachoamua ni kazi na fedha zinazowekwa katika shamba. Matuta ya fanya juu, yanayofanyizwa kwa kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu ili mteremko ugeuke ngazi polepole, huhitaji mikono mingi, na ni mwethya, yaani vikundi vya kazi za pamoja, vilivyochimba mengi kati yake. Mlima wenye watu wachache usingeyapata.

Nyanda za chini zina kanuni nyingine. Mvua ni haba na haitabiriki, boma hukaa mbali na boma, na katika sehemu kubwa ya Kitui mifugo na mchanga wa mito ya msimu, unaohifadhi maji chini yake, ndiyo huamua mahali pa kujenga. Anayeshuka huko na mbegu ya mahindi ya mlimani badala ya mtama, pojo au mahindi ya Katumani yanayokomaa mapema, amehamisha umaskini wake.

Kwa familia ya Nunguni inayotaka kugawana shamba, yapo mambo machache ya kufanya, na hayahitaji semina: nyumba zijengwe karibu na barabara na kwenye kipande kisichofaa kulimwa; mipaka ifuate matuta badala ya kuyakata; kingo zipandwe nyasi za mabingobingo; mfereji wa kutoa maji uwe wa wote; ikiwezekana hati ibaki moja na warithi waandikishwe kwa hisa; anayehama akague maji kabla ya bei. Ugawaji ukilazimika, ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi itafutwe mapema, kwa sababu chini ya sheria ya mwaka 1967 kugawa shamba katika hati mbalimbali bila ridhaa hiyo ni batili.