Kivinjari Humwamini Nani? Sehemu ya Pili

Katika sehemu iliyotangulia tulibainisha kwamba cheti cha usalama cha tovuti hakina nguvu kwa nafsi yake, bali nguvu zake hutokana na sahihi ya mamlaka iliyokitoa. Sasa yatupasa kuuliza ni nani aliyeipa mamlaka hiyo idhini ya kuaminiwa, maana hapo ndipo vivinjari vinapohitilafiana.

Kila kivinjari hutegemea orodha ya mamlaka zilizokubaliwa. Firefox hubeba orodha yake yenyewe, Safari hufuata ile ya Apple, na Chrome, iliyokuwa kwa miaka mingi ikitegemea orodha ya mfumo endeshi wa kompyuta, ilianza kuhamia kwenye orodha yake mwaka 2022. Kwa sababu hiyo cheti kile kile, katika kompyuta ile ile, chaweza kupokewa na kivinjari kimoja na kukataliwa na kingine.

Hatari ya jambo hili ilidhihirika mwaka 2011, pale wadukuzi walipoingia katika mitambo ya DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa na idhini ya kutoa vyeti, wakajipatia humo cheti kwa jina la Google, kisha cheti hicho kikatumika kuwapeleleza watu wa Iran waliokuwa wakifungua barua zao za Gmail. Aliyekishika alikuwa laghai, ilhali sahihi iliyokuwa juu yake ilikuwa sahihi hasa ya DigiNotar. Basi vivinjari vingine, vilipoiona katika orodha zao, vilionyesha alama ya kufuli pasi na shaka yoyote. Chrome ilikuwa imehifadhi ndani yake alama za funguo halali za tovuti za Google, nayo ikakataa. Na onyo lililomtokea mtumiaji mmoja nchini Iran mwezi wa Agosti ndilo lililofichua hila ile.

Hata katika kutibu jeraha watengenezaji wa vivinjari hawakwenda sawa. Mozilla ilitoa toleo jipya la Firefox tarehe 30 Agosti ili kuiondoa DigiNotar, bali wenye kompyuta za Mac waliotumia Safari walingoja mpaka tarehe 9 Septemba ndipo Apple ikaleta marekebisho. Siku kumi hizo si haba kwa mtu ambaye barua yake ikisomwa yaweza kumtia gerezani, na kwa rai yangu kasi ya kuifuta mamlaka iliyosaliti amana yastahili kupimwa kabla ya uzuri wowote wa kivinjari.

Namna kila kivinjari kinavyopata habari za cheti kimoja kilichobatilishwa, mamlaka yake ikiwa ingali inaaminiwa, tutaieleza katika sehemu ya tatu.